Vipokezi vya nyuropeptidi kwenye retina ya mamalia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mwanafunzi wa tiba au baiolojia hufundishwa retina (tabaka la ndani ya jicho linalohisi mwanga) kwa lugha ya kemikali za neva zinazojulikana zaidi: glutameti, GABA na dopamini. Siku anapofungua makala ya utafiti anakutana na somatostatini, dutu P na PACAP, na hakuna aliyemwandaa. Majibu yaliyo hapa chini yanashughulikia jambo moja hasa: vipokezi vya kemikali hizo vimekaa kwenye seli zipi, na mahali hapo panatueleza nini kuhusu kazi yake.

Nyuropeptidi ni nini, na inatofautianaje na glutameti?

Ni mnyororo mfupi wa asidi amino ambao seli ya neva huutoa ili kubadilisha mwenendo wa seli nyingine. Dutu P ina asidi amino 11, somatostatini ina 14 au 28, VIP (kifupi cha vasoactive intestinal peptide) ina 28, nyuropeptidi Y (NPY) ina 36, na PACAP (kifupi cha pituitary adenylate cyclase-activating polypeptide) ina 27 au 38.

Glutameti hutolewa kwenye sinapsi (makutano ya seli mbili za neva), huvuka upenyo mwembamba mno, hufanya kazi kwa milisekunde chache, kisha hunyonywa na kutumika upya. Peptidi haina njia hiyo ya mkato. Hutengenezwa kwenye mwili wa seli kutokana na protini kubwa inayokatwakatwa, hufungwa kwenye vifuko vikubwa, na hutolewa zaidi seli inapofanya kazi kwa nguvu na kwa muda. Ikishatoka husambaa, na athari yake hudumu kwa sekunde au hata dakika, mpaka vimeng'enya viivunje.

Karibu zote ziligunduliwa nje ya jicho. Ulf von Euler na John Gaddum walieleza dutu P mwaka 1931 kutoka kwenye ubongo na utumbo wa farasi. Somatostatini ilitoka kwenye haipothalamasi (sehemu ya chini ya ubongo) ya kondoo mwaka 1973, katika maabara ya Roger Guillemin, ambaye mwaka 1977 alikuwa miongoni mwa waliopata Tuzo ya Nobel. NPY ilitengwa mwaka 1982 kutoka kwenye ubongo wa nguruwe, na PACAP mwaka 1989, tena kutoka kwa kondoo. Ndiyo maana majina yao hayahusiani kabisa na kuona.

Vipokezi vyenyewe ni vya aina gani?

Vyote tunavyovizungumzia hapa ni vya familia inayofanya kazi kupitia protini G: protini moja inayopita kwenye utando wa seli mara saba, ikipokea ujumbe nje na kuamsha protini G ndani. Havifungui mlango wa ioni moja kwa moja. Kwa mfano, hubadilisha kiasi cha cAMP (kemikali inayobeba ujumbe ndani ya seli), hupunguza kuingia kwa kalsiamu, au huruhusu potasiamu itoke zaidi.

Peptidi moja huwa na vipokezi kadhaa. Somatostatini ina vitano, sst1 hadi sst5, na sst2 ina maumbo mawili, sst2A na sst2B. Dutu P na jamaa zake wana NK1, NK2 na NK3. NPY ina kundi la vipokezi vya Y. VIP na PACAP hugawana VPAC1 na VPAC2, ila PAC1 huipendelea PACAP peke yake. Opioidi za mwilini (kemikali za mwili zinazofanya kazi kama morfini) zina mu, delta na kapa.

Nikumbushe: retina imepangwaje?

Nje kabisa, upande wa nyuma ya jicho, kuna tabaka la seli za rangi. Zinafuata rodi (za mwanga hafifu) na koni (za mwanga mwingi na rangi). Katikati kuna seli za bipola, zinazopeleka ujumbe wa rodi na koni kuelekea ndani, na seli za horizontali na za amakrini, zinazourekebisha ujumbe huo njiani, pamoja na miili ya seli za Müller zinazoshikilia tishu yote. Ndani kabisa kuna seli za ganglioni, ambazo nyuzi zake ndizo neva ya macho. Kati ya safu hizi tatu za seli za neva kuna matabaka mawili ya sinapsi: la nje na la ndani. Tabaka la ndani ndilo lenye msongamano mkubwa zaidi, na ndilo makazi ya nyuzi nyingi zenye peptidi.

Kwa nini tusitafute tu mahali peptidi ilipo? Si kipokezi kitakuwa jirani yake?

Hapa ndipo wengi hupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kwenye sinapsi ya kawaida, mtoaji na mpokeaji wametazamana. Ukimjua mmoja, umemjua mwenzake. Kwa peptidi mambo hayaendi hivyo. Peptidi ni kama mbiu ya mgambo: inapigwa mahali pamoja, lakini mwenye kuisikia anaweza kuwa mtaa wa tatu, ilimradi ana masikio. Kipokezi ndicho sikio.

Chukua panya mkubwa wa maabara (rat; nikisema panya mdogo namaanisha mouse). Nyuzi zake zenye somatostatini zimejaa kwenye tabaka la ndani la sinapsi, zinazotoka kwa seli chache za amakrini. Ukitafuta kipokezi sst2A, unakikuta kwenye seli za bipola na za amakrini, jambo ambalo halishangazi, lakini pia kwenye seli za horizontali na kwenye koni, upande wa pili wa retina, mahali ambapo nyuzi hizo hazipo au ni haba mno. Maelezo yanayokubalika ni kwamba peptidi husafiri kwa kusambaa kupitia unene wa tishu. Retina ni nyembamba, haifiki nusu milimita, kwa hiyo safari hiyo inawezekana.

Matokeo yake ni haya: ramani ya nyuzi za peptidi inakuambia nani anasema, na haikuambii nani anasikia. Mtu akichora mchoro wa kazi ya somatostatini kwa kufuata nyuzi peke yake, ataiacha nje seli ya koni, ambayo ndiyo mwanzo wa kuona mchana. Kwangu mimi hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuhangaika na vipokezi.

Basi vipokezi vya somatostatini viko kwenye seli zipi hasa?

Huu ndio mfumo uliochunguzwa vizuri kuliko yote, hasa kwa sungura na panya.

Kwa sungura, seli zinazotengeneza somatostatini ni za aina ya kipekee. Ni seli za amakrini zilizohamia kwenye safu ya ganglioni, nyingi zikiwa sehemu ya chini ya retina, na nyuzi zake ndefu hutanda eneo pana mno. Seli hizo zenyewe zina kipokezi sst1. Yaani anayetoa ujumbe anausikia ujumbe wake mwenyewe, na hiyo ni njia ya kawaida ya mfumo kujidhibiti: ikitoka nyingi, mtoaji hupunguza. Kwa sungura huyohuyo, sst1 iko pia kwenye seli za amakrini zenye dopamini.

sst2A imekaa kwingine. Kwa sungura iko hasa kwenye seli za bipola za rodi. Ukiwa na kipande cha retina cha unene wa mikromita kumi na kitu, umekipaka kingamwili ya sst2A (protini inayonata kwenye kipokezi hicho) yenye rangi inayong'aa, ukikiweka chini ya hadubini unaona safu ya miili ya seli karibu na tabaka la nje la sinapsi. Kutoka kila mwili unateremka uzi mmoja mwembamba ulionyooka, unapita tabaka lote la ndani, na kuishia kwa vivimbe vinene kama shanga jirani kabisa na seli za ganglioni. Umbo hilo halifanani na la seli nyingine yoyote. Ukiongeza kingamwili ya pili ya protini kinasi C alfa, inayotambulisha bipola za rodi, rangi mbili zinaangukia palepale.

Hili si jambo dogo. Mamalia wana aina moja tu ya bipola ya rodi, na karibu kila fotoni unayoiona usiku wa giza hupitia kwake, kisha kwa seli ya amakrini AII, kabla ya kuingia kwenye njia za koni na kufika kwenye ganglioni. Kwenye bipola za rodi za panya, somatostatini hupunguza kalsiamu inayoingia kwenye ncha zake, na kalsiamu ndiyo inayoamua glutameti itoke kiasi gani. Kwa hiyo kipokezi kimewekwa kwenye bomba kuu la kuona gizani.

Kwa panya wakubwa na wadogo orodha ya sst2A ni ndefu zaidi: bipola za rodi, horizontali, koni, na baadhi ya amakrini, zikiwemo zile zenye dopamini. sst4, kwa upande wake, imeonekana kwenye seli za ganglioni za panya mkubwa. Ukiyaweka pamoja, karibu kila kituo kwenye njia ya mwanga kina kipokezi fulani cha somatostatini, ingawa seli zinazoitoa ni chache.

Na dutu P? Nimesoma makala mbili zinazopingana kuhusu NK1.

Huenda hazipingani. Angalia kwanza kila moja ilitumia mnyama gani.

Kwa panya mkubwa, NK1 iko hasa kwenye seli za amakrini, nyingi zikiwa na GABA. Kwa sungura, NK1 iko kwenye kundi la bipola za koni na kwenye amakrini zenye dopamini. Peptidi ni ileile, kipokezi ni kilekile, lakini seli inayosikiliza si ileile. Kwa panya, ujumbe wa dutu P unaingia kwenye mtandao wa kuzuia. Kwa sungura unaingia moja kwa moja kwenye njia inayobeba picha kutoka kwa koni. Ndiyo maana sentensi inayoanza na "kwenye retina ya mamalia NK1 iko…" bila kutaja mnyama, naiona haijakamilika.

NK3, ambayo hupendelea nyurokinini B (jamaa ya dutu P), ni thabiti zaidi. Kwa panya imekaa kwenye bipola za koni za aina zinazoitikia mwanga unapopungua. Kwa panya mdogo kingamwili ya NK3 huonyesha aina ya 1 na ya 2 za bipola hizo kwa uhakika wa kutosha kiasi kwamba maabara nyingi huitumia kama alama ya kuzitambua, hata zisizojali peptidi hata kidogo.

Vipokezi vya NPY je?

Kwa panya mkubwa, kipokezi Y1 kimeonekana kwenye seli za horizontali na kwenye amakrini zenye asetilikolini. Hizi za pili ndizo zinazohusika na kutambua kitu kinaelekea upande gani. Nyuzi zake hutengeneza mistari miwili inayoonekana wazi ndani ya tabaka la ndani la sinapsi. Y1 iko pia kwenye seli za Müller, ambako NPY huzizuia zisivimbe maji yanapoingia kwa wingi.

VIP na PACAP zinasikika wapi?

PAC1 ya panya mkubwa iko kwenye seli za ganglioni na kwenye safu ya kati, wakiwemo amakrini. PACAP yenyewe ina makao ya kuvutia: imo kwenye seli za ganglioni zenye melanopsini, zile zinazohisi mwanga zenyewe bila kungoja rodi wala koni. Seli hizo hupeleka nyuzi hadi kwenye kiini cha saa ya mwili ndani ya haipothalamasi, zikibeba glutameti na PACAP kwa pamoja. Kwa hiyo PACAP ina wasikilizaji ndani ya jicho na wengine ubongoni.

Kikundi cha Chuo Kikuu cha Pécs, Hungaria, kimefanya kazi kubwa kuonyesha kwamba PACAP ikidungwa ndani ya jicho la panya hupunguza kifo cha seli za retina, iwe madhara yametokana na glutameti iliyozidi au na upungufu wa damu.

VIP ina historia yake. Mwaka 1988 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba makaka (aina ya nyani) waliofungwa kope tangu wadogo, ambao jicho lao hurefuka na kuwa na myopia (kutoona vizuri vya mbali), walikuwa na VIP zaidi kwenye retina ya jicho lile lililofungwa. Tangu hapo vipokezi vya VIP vimebaki kwenye mjadala wa jinsi jicho linavyoamua urefu wake.

Morfini hubana mboni. Je, ni kwa sababu ya vipokezi vya opioidi kwenye retina?

Kimsingi hapana. Kubanwa huko hutoka hasa kwenye kiini cha shina la ubongo kinachoendesha msuli wa mboni. Lakini vipokezi vya mu vipo kweli kwenye retina ya panya: kwenye ganglioni zenye melanopsini na kwenye amakrini zenye dopamini. Dawa inayoamsha mu hupunguza ufyatuaji wa hizo ganglioni. Ukikumbuka kwamba seli hizo ndizo zinazoiambia saa ya mwili kuwa kumekucha, utaelewa kwa nini watafiti wa usingizi kwa watumiaji wa opioidi wameanza kutazama jicho.

Tazama pia amakrini yenye dopamini ilivyojitokeza: kwa somatostatini, kwa dutu P upande wa sungura, na sasa kwa opioidi. Seli hizi ni chache mno kwenye retina, lakini dopamini yake ndiyo inayoihamisha retina nzima kutoka hali ya usiku kwenda ya mchana. Ukitaka kuibadilisha retina kwa kugusa mahali pamoja, hapo ndipo.

Kuna vipokezi kwenye seli zisizo za neva?

Vipo. Nimetaja Y1 kwenye Müller. Tabaka la seli za rangi hupandisha cAMP likipewa VIP. Kwa binadamu tabaka hilohilo ni chanzo kikuu cha somatostatini ya retina, na lina vipokezi vyake pia.

Watafiti wanajuaje kipokezi kiko kwenye seli fulani? Naweza kuamini picha?

Zamani walitumia peptidi yenye iodini 125 (iodini ya mionzi) na kuangalia inashika wapi. Njia hiyo huonyesha tabaka, haionyeshi seli. Baadaye ikaja kutafuta mRNA (nakala ya jeni inayotumika kutengeneza protini) kwenye kipande cha tishu, na kingamwili. Leo kuna kusoma jeni za seli moja moja: mwaka 2015 seli 44,808 za retina ya panya mdogo zilisomwa kwa mara moja, mwaka 2016 bipola zake zikagawanywa aina 15, na mwaka 2020 amakrini zikafika aina 63.

Kila njia ina pengo. mRNA hukaa zaidi kwenye mwili wa seli, kwa hiyo haikuambii kipokezi kimepelekwa kwenye ncha ipi. Kingamwili hukuonyesha ncha, lakini inaweza kushika protini isiyo yake, na vipokezi vya protini G vina sifa mbaya kwa hilo. Kabla ya kuiamini picha, angalia kama rangi inapotea kingamwili inapochanganywa kwanza na peptidi iliyotumika kuitengeneza. Bora zaidi, angalia kama inapotea kwa panya asiye na jeni ya kipokezi hicho. Makala isiyo na hata kimoja kati ya vipimo hivyo naisoma kwa tahadhari kubwa.

Matokeo ya panya na sungura yanafaa kwa binadamu?

Kwa sehemu. Mpango wa retina ni mmoja, na bipola ya rodi ni bipola ya rodi popote. Lakini panya na sungura hawana fovea, kile kishimo chenye koni tupu tunachosomea, na panya huishi zaidi kwa rodi. Mfano wa NK1 umeshaonyesha kwamba hata panya na sungura hawakubaliani. Kwa binadamu, kati ya vipokezi vya somatostatini, sst1 na sst2 ndivyo vinavyoonekana zaidi, na hilo angalau linaendana na wanyama.

Haya yote yana faida gani kwa mgonjwa?

Mfano ulio mbele zaidi ni retina inayoharibiwa na kisukari. Kwa wagonjwa wa kisukari, somatostatini kwenye retina na kwenye ute unaojaza ndani ya jicho hupungua. Kwa panya wachanga ambao retina yao ilifanywa ipungukiwe na oksijeni, oktreotaidi, dawa inayoamsha hasa sst2, ilipunguza ukuaji wa mishipa mipya ya damu.

Kutokana na mawazo hayo Ulaya iliendesha jaribio la EUROCONDOR, lenye wagonjwa wapatao 450 wa kisukari aina ya 2, waliotumia matone ya macho kwa wiki 96: wengine somatostatini, wengine brimonidini (dawa nyingine ya macho), wengine matone yasiyo na dawa. Matokeo yalitoka mwaka 2019. Kwa wagonjwa wote kwa ujumla, matone hayakuzuia kuzorota kwa utendaji wa neva za retina. Kwa wale ambao tayari walikuwa na hitilafu ya utendaji huo walipoanza, hitilafu haikuendelea. Nayaona matokeo hayo kuwa ya maana, kwa sababu yanaonyesha dawa ina mahali pa kushika retina inapoanza kuumwa.

Nina kisukari. Nitafute matone ya somatostatini?

Hapana, si tiba iliyoidhinishwa kwa hilo. Dhibiti sukari na shinikizo la damu, na upimwe retina kila mwaka hata kama unaona vizuri, kwani uharibifu huanza kimya. Ukiona madoadoa meusi yanayoelea au pazia kwenye jicho, nenda kliniki ya macho siku hiyohiyo.

Nataka kufanya mradi wa shahada kuhusu jambo hili, na chuo chetu hakina hadubini ya gharama. Nianzie wapi?

Anza na data za seli moja moja, ambazo zimewekwa wazi kwa yeyote mwenye kompyuta na intaneti. Chagua peptidi moja. Orodhesha seli zenye jeni ya peptidi, kisha zenye jeni za vipokezi vyake, kwa panya mdogo, kwa makaka na kwa binadamu, kila mnyama kwenye safu yake. Usichanganye safu. Zingatia hasa seli zenye kipokezi ambazo hazipakani na yeyote anayeitoa peptidi hiyo. Mkutano wa kwanza na msimamizi wako, peleka orodha hiyo.